Karatasi ya mapafu imeandikwa "kawaida", lakini kifua si kile nilichoingia nacho kazini

Mkoboaji_Pasua

Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi, nafanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Kazi yangu ni kumwaga: gunia la kahawa ya maganda linakuja begani, unalifungua, unalimwaga kwenye shimo la mashine. Msimu ukikolea vumbi linatanda mpaka taa za juu hazionekani vizuri, na jioni ukipenga kamasi yanatoka ya kahawia.

Wiki iliyopita walikuja watu wa kupima afya. Walifunga turubai uwanjani karibu na mizani, tukapanga foleni: presha, macho, masikio, halafu kile cha kupuliza kwenye mrija. Dada akaniambia puliza, nikapuliza. Tena, nikapuliza. Akaita mwingine. Leo tumegawiwa karatasi. Yangu ina muhuri na chini wameandika mapafu ni ya kawaida. FEV1 lita 2.85, asilimia 85. FVC lita 3.85, asilimia 94. Uwiano 0.74.

Kinachonisumbua ni hiki. Jumapili huwa napanda Kibosho kumwona mama. Gari linaishia barabarani, kisha unapandisha kwa miguu kupita migombani. Zamani njia ile nilikuwa naipanda na mzigo begani huku naongea na simu. Siku hizi nasimama katikati, najifanya natazama maji ya mfereji, mpaka pumzi irudi. Nina miaka 38, urefu sentimita 172, sigara sijawahi kuvuta.

Halafu mke wangu, katika kupekua faili la vyeti, kapata karatasi niliyopimwa wakati naajiriwa nikiwa na miaka 29. FEV1 3.80, asilimia 106. FVC 4.55. Nayo imeandikwa kawaida. Nimeziweka mezani zote mbili, na siamini kama ni kifua kimoja. Msimamizi anasema ukizidi 80 umefaulu, niache wasiwasi. Naomba mnaofahamu mnieleze: nimefaulu nini?

Kijana_wa_Njiro

85 mbona nzuri sana kaka. Umri huo unakwenda, fanya mazoezi, kimbia asubuhi, utakaa sawa.

Fundi_Rangi_Unga_Ltd

Pole sana mkuu. Mimi napiga rangi magari huku Unga Limited, Arusha. Kwetu dawa ni maziwa, bosi anatoa nusu lita kwa kila fundi, yanashusha uchafu wote wa kifuani. Jaribu hasa mtindi. Kupimwa kwa kupuliza sijawahi. Ila na mimi usiku kifua kinabana na kupiga filimbi, kisha sikukuu tukifunga gereji siku kadhaa nakuwa mzima kabisa. Nadhani ni baridi ya huku.

Nesi_wa_Rau

Mkoboaji mwanangu, hongera kwa mkeo aliyeitunza ile karatasi ya zamani. Ina thamani kuliko mpya yenye muhuri. Mimi ni nesi, nimepulizisha watu mapafu kwa muda mrefu hapa Moshi, hospitalini na viwandani, na wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani wamepita mikononi mwangu pia. Nitakueleza kwa urefu kwa sababu jambo hili linaniuma.

FVC ni hewa yote uliyotoa kuanzia kifua kilipojaa hadi kilipokwisha. FEV1 ni ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza peke yake. Uwiano ni FEV1 ukiigawa kwa FVC. Njia za hewa zikibana, hewa inachelewa kutoka, kwa hiyo FEV1 inashuka na uwiano unashuka nao. Chini ya 0.70 madaktari wengi watasema pumzi imezuiwa. Mapafu yakikakamaa, kama ya mtu aliyevuta vumbi la mawe miaka mingi, FVC ndiyo inayopungua na uwiano unaweza kubaki unapendeza.

Asilimia sasa. Mashine haikujui wewe. Inachukua umri, urefu, jinsia, na nyingi zinauliza na asili ya mtu, kisha inaangalia kwenye hesabu zake watu wazima wa afya wa namna hiyo walipuliza lita ngapi. Hapo ndipo inapokuambia wewe ni 85 kwa mia ya mtu huyo. Mtu huyo si wewe. Wewe ulianza kazi ukiwa 106, na si ajabu, wanaochaguliwa kubeba magunia ni vijana wenye vifua. Mwenye kifua cha namna hiyo anaweza kupoteza robo ya pumzi yake na bado akabaki juu ya 80. Kila mwaka anaandikiwa kawaida, huku anateremka. Hicho ndicho kinachotokea kiwanda kinapopima watu kisha kila karatasi ikasomwa peke yake bila ya mwaka uliopita.

Achana na asilimia, hesabu lita. 3.80 toa 2.85 ni 0.95, karibu lita nzima. Mtu mzima asiye na ugonjwa hupoteza kama mililita 30 za FEV1 kwa mwaka kwa ajili ya umri tu. Miaka tisa ni kama 270. Wewe zimeondoka 950. Madaktari wa afya ya kazi Marekani wanatumia kanuni hii: ondoa kwanza kile kinachoelezwa na umri, kisha ukiona kilichobaki kinazidi asilimia 15 ya kipimo cha mwanzo, mtu huyo achunguzwe hata kama karatasi inasema kawaida. Asilimia 15 ya 3.80 ni 0.57. Yako, baada ya kutoa ya umri, ni 0.68. Umevuka mstari, mwanangu. Kijana wa Njiro, umri hauwezi kubeba mzigo wote huo.

Lakini kabla hatujakilaumu kiwanda, nataka kujua ulipuliza vipi. Kwenye presha wewe unakaa tu na mashine inafanya kazi. Hapa kazi yote unaifanya wewe, na anayekusimamia asipokusukuma, namba inatoka ya uongo. Mimi mtu akikaa mbele yangu namwambia: legeza mkanda, kaa wima, bana pua. Vuta, vuta, vuta, jaza mpaka mabega yapande. Midomo ifunge mrija, ulimi usiuzibe. Sasa piga! Toa yote, toa, toa, bado ipo, bado ipo, usivute, toa! Napaza sauti mpaka watu wa chumba cha pili wanachungulia. Wazee wengi huona aibu kupuliza kwa nguvu mbele ya mwanamke, wanatoa pumzi kwa adabu kama wanaopoza uji. Huyo ukimwandikia namba umemdhulumu.

Na haitoshi mara moja wala mbili. Zinatakiwa angalau tatu zilizo safi, na mbili bora zisipishane zaidi ya mililita 150. Zikipishana, mtu apumzike, arudie, mpaka mara nane hivi, ikishindikana siku nyingine.

Hebu nijibu haya. Ulibanwa pua? Ulipuliza mara mbili tu kama ulivyoandika? Walisubiri pumzi iishe au ulikatishwa? Urefu walikupima bila viatu au walikuuliza? Kwenye karatasi kuna michoro au namba tu?

Fundi wa Unga Limited, nakuja kwako, usiondoke.

Mkoboaji_Pasua

Shikamoo mama. Nashukuru mno. Pua sikubanwa. Ni mara mbili kweli, na ya pili nilikuwa bado natoa akasema inatosha, foleni ilikuwa ndefu na gari lao lilikuwa linakwenda kiwanda kingine. Urefu waliniuliza, nikasema 172, ndiyo ulioko kwenye kitambulisho changu cha kazi. Michoro haipo, namba tu. Ile ya zamani ina mchoro, na nakumbuka nilipimwa ndani hospitali, yule daktari alinirudisha kupuliza mpaka nikasikia kizunguzungu.

Nesi_wa_Rau

Marahaba mwanangu. Basi kipimo cha zamani ndicho ninachokiamini, na hiki kipya kina mashaka. Ila sikia mashaka yenyewe yanaelekea wapi.

Ukikatishwa kabla pumzi haijaisha, FEV1 haiathiriki, kwa sababu sekunde ya kwanza ilishapita. Inayoumia ni FVC: inatoka ndogo kuliko ilivyo. Sasa gawa. Ukigawa kwa namba ndogo, uwiano unapanda. Kwa hiyo 0.74 yako inaweza kuwa imependezeshwa na haraka ya foleni. Tuseme ungeachwa ukamaliza na FVC ikafika 4.15: 2.85 kwa 4.15 ni 0.69, na hapo kalamu ya daktari ingeandika neno jingine kabisa. Sisemi ndivyo ilivyo, nasema karatasi hiyo haiwezi kukuhakikishia kwamba sivyo. Ndiyo maana mchoro unatakiwa: mtu anaona kwa macho kama mstari umelala mwishoni, maana yake hewa imekwisha, au umekatwa ukiwa bado unapanda.

Kwa upande mwingine, kama hukujaza kifua vizuri au hukupiga kwa nguvu mwanzoni, FEV1 itakuwa imetoka ndogo kuliko uwezo wako, na hiyo lita unayoililia huenda haijapotea yote. Na mashine mbili tofauti zinaweza kupishana. Inatakiwa ikaguliwe siku ya kazi kwa bomba maalumu la kusukuma hewa, la lita 3, na isikosee zaidi ya asilimia 3. Ukiwa na nafasi ya kuuliza, uliza: leo mmeikagua kwa bomba? Anayejua kazi yake atakuonyesha daftari na hatakasirika.

Urefu nao si mdogo. Mwaka 1846 daktari Mwingereza, John Hutchinson, alitangaza kule London vipimo vya watu zaidi ya 2,000 aliowapulizisha kwenye mashine yake, akaonyesha kwamba hewa ya kifua inakwenda na kimo cha mtu. Mpaka leo hesabu ni hiyo. Ukitajwa mfupi kuliko ulivyo, mashine inakutarajia mapafu madogo, asilimia yako inapanda bure. Ukitajwa mrefu, inashuka bure. Na mashine ikipangwa ikulinganishe na watu wa Ulaya badala ya Waafrika, asilimia inaweza kushuka kwa kumi au kumi na tano papo hapo, pumzi ikiwa ileile. Kwa sababu hizo nawaambia wote: linganisheni lita kwa lita. Lita haijali umeandikwa kabila gani.

Kwa hiyo kipimo kirudiwe, hospitali, kwa utulivu, kisha wakupe dawa ya kuvuta ya kufungua njia, usubiri kama robo saa, upulize tena. Ikipanda sana baada ya dawa, tunawaza pumu. Na pumu ya kazini kwenye kahawa ipo: vumbi la kahawa mbichi linaamsha mzio kwa baadhi ya watu, na lina vijidudu na sumu zao zinazokera njia za hewa. Watafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway walichunguza viwanda vya kahawa hapahapa Kilimanjaro wakatoa matokeo mwaka 2011, na walikuta wakoboaji wanasumbuliwa na vifua kuliko wafanyakazi wa kazi nyingine. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kahawa ni chakula, haina madhara.

Halafu kama unakohoa zaidi ya wiki mbili, unatoka jasho usiku au unapungua uzito, peleka makohozi kupima kifua kikuu kwanza, ni bure vituo vya serikali. Wachimbaji ninawaambia hivyo bila kuchoka, kwa sababu vumbi la mawe na kifua kikuu vinafuatana. Pale Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu, wamewaona wengi wa Mirerani wenye vyote viwili.

Sasa Fundi. Maziwa mwanangu ni chakula kizuri, kunywa, lakini yanakwenda tumboni. Njia ya hewa ni nyingine. Hakuna tone linalofika kwenye pafu, na likifika ni ajali. Bosi anayetoa maziwa badala ya barakoa inayofaa na feni ya kuvuta mvuke amewapa kifungua kinywa tu. Ulichoandika mwishoni ndicho kilichonishtua: usiku filimbi, mapumziko ya sikukuu mzima. Baridi ya Arusha haichukui likizo pamoja na wewe. Rangi nyingi za magari mnazichanganya na kile cha kukausha na kung'arisha ambacho kina kemikali za jamii ya isosianati, na hizo ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana zaidi vya pumu ya kazini duniani. Mtu mwili ukishazikataa, hata kidogo tu kinatosha kumbana. Na anayetolewa mapema kwenye rangi hiyo ana nafasi nzuri ya kupona kuliko anayekaa akisubiri.

Kwako kupuliza mara moja mchana hospitali kunaweza kutoka safi kabisa, kwa sababu pumu inakuja na kuondoka. Muulize daktari kuhusu kile kifaa kidogo cha plastiki cha kupima kasi ya pumzi. Kinakaa mfukoni. Unapuliza mara nne kwa siku, unaandika, wiki mbili hadi nne, na ndani yake ziwemo siku za kazi na siku za kupumzika. Ukichora mistari, siku za gereji zikawa mabonde na mapumziko yakawa vilele, umepata ushahidi ambao hakuna muhuri unaoweza kuupinga.

Fundi_Rangi_Unga_Ltd

Mama umenishtua. Nilikuwa sijawahi kuhesabu siku za mapumziko. Nitatafuta hicho kifaa. Barakoa tunayotumia ni kitambaa tu.

Afisa_Usalama_UsaRiver

Habari zenu. Mimi nashughulika na usalama kazini kwenye shamba la maua huku Usa River. Nesi kamaliza upande wa pumzi, naongeza upande wa haki.

Upimaji huu haufanywi kwa hisani. Upo kwenye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kuna kupimwa kabla ya kuanza kazi, wakati unaendelea, na unapoondoka. Hiki cha kuondoka watu wanakisahau sana, nacho ndicho kinachoonyesha umeondoka na nini. Mkoboaji, omba nakala zako zote za nyuma kwa maandishi. Miaka tisa haiwezi kuwa na karatasi mbili tu. Zikipatikana za katikati tutaona kama pumzi ilishuka taratibu au kuna msimu iliporomoka, labda walipobadilisha mashine au walipofunga dirisha fulani. Ukinyimwa, ofisi ya OSHA ya Kanda ya Kaskazini ipo Arusha, unaweza kupeleka malalamiko.

Ikithibitishwa na daktari kwamba ugonjwa umetokana na kazi, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya mwaka 2008. Anayechangia ni mwajiri peke yake, wewe hukatwi kitu, kwa hiyo usiogope kwamba utadaiwa. Lakini mfuko unataka ushahidi, na ushahidi ni hizo lita za mwanzo na za sasa. Tunza karatasi ya mkeo, piga picha, nakala ibaki nyumbani.

La mwisho, mwambieni msimamizi kwamba kupima hakupunguzi vumbi. Shimo la kumwagia lifunikwe kadiri inavyowezekana, liwekewe feni ya kufyonza vumbi pale linapofumuka na siyo juu darini baada ya kukupita puani. Kufagia kukavu kukome. Na ile tabia ya kujipuliza nguo kwa upepo wa kompresa jioni, acheni, mnarudisha hewani kilichokuwa kimeshatua. Barakoa ije baada ya hayo, iwe ya kuchuja vumbi na ikae sawasawa usoni.

Mkoboaji_Pasua

Kweli, kompresa tunajipuliza kila siku kabla ya kupanda daladala. Nimeongea na wenzangu wawili wa kumwaga, nao wana karatasi za kuajiriwa, wamekwenda kuzitafuta. Mama, nimepata nafasi hospitali Jumanne. Niende asubuhi kabla ya zamu au baada? Na nifanye nini kabla?

Nesi_wa_Rau

Vizuri sana kuwashirikisha wenzako. Wakija watatu na hesabu ileile, mwenye kiwanda hawezi kusema ni kifua cha mtu mmoja.

Jumanne nenda asubuhi, maana ulivyosema cha kwanza ulipimwa umetulia hospitali, tulinganishe vinavyofanana. Kama daktari atashuku pumu, mwombe siku nyingine akupime kabla ya zamu na baada ya zamu, siku moja. Kunywa chai yako lakini usishibe sana. Usipandishe baiskeli kwa kasi mpaka mlangoni, kaa kwanza upumzike. Pombe hapana tangu jana yake. Shati lisibane. Kama umewahi kupasuliwa jicho au tumbo hivi karibuni, umetoka damu kwenye makohozi, au una maumivu ya moyo, sema kabla hujapuliza, watakuahirisha. Viatu vua upimwe kimo upya.

Beba karatasi zote mbili. Usimwambie daktari "nimekuja kupima afya", mwambie "namwaga kahawa, tangu nina miaka 29, na FEV1 imeshuka kutoka 3.80 hadi 2.85, naomba nirudie na baada ya dawa". Mweleze na kile kilima cha Kibosho, unasimama wapi na ulikuwa husimami. Ukitoka omba karatasi yenye michoro, kisha uniandikie hapa lita zote nne, za kabla ya dawa na za baada.